Kengele ya Darasa la Viziwi

Mimi si mtu wa kukosa la kusema. Muulizeni yeyote pale shuleni. Lakini asubuhi ile nilipofika na kumkuta fundi juu ya ngazi, anafunga kengele kwenye darasa jipya la viziwi, nilisimama uwanjani mdomo wazi, mkoba begani, na neno likakataa kutoka.

Haikuwa kengele ya kubabaisha. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, chuma kizima kizito, na fundi alikuwa akiikaza kwa boliti kwenye boriti ya chuma inayobeba paa, pale inapotokeza barazani. Chini yake alisimama mwalimu mkuu, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika suruali, anatazama juu huku ametabasamu kama bwana harusi.

"Kengele," nikasema mwishowe. "Ya viziwi."

"Ehe."

"Mwalimu mkuu. Watoto wangu hawasikii."

"Najua."

"Sasa?"

Akaipandisha suruali. "Kila jengo la shule hii lina kengele yake, mwalimu. Langoni ipo, jikoni ipo. Sitaki ubaguzi."

Nilimpa vidonge vyake palepale, mbele ya fundi na mbele ya mpishi aliyekuwa anapita na ndoo. Nilimwambia kwamba mwakani atawanunulia miwani watoto wa mbuni. Hata mimi sijui nilimaanisha nini, ila nilikuwa nimekasirika. Yeye akawa ananiitikia tu, "Sawa, mwalimu, sawa," na hilo ndilo lililozidi kunipandisha mori, maana mwalimu mkuu ninayemfahamu hukubali vitu polepole sana.

Kabla sijaendelea niwape majina, msije mkapotea. Darasani kwetu hakuna anayeitwa jina alilopewa na wazazi. Kwenye lugha ya alama mtu hupewa jina kwa kile kinachoonekana kwake, na wanaolitoa ni viziwi wenyewe, wala huna pa kukata rufaa. Mwalimu mkuu ni Suruali, kwa sababu haongei kabla hajaipandisha. Fundi ni Midomo. Yeye hupiga mluzi kutwa nzima, na watoto, wasiojua mluzi ni kitu gani, waliona tu mtu mzima anayezunguka saitini amechongoa midomo kama anataka kumbusu kila mtu. Mimi nimewafundisha miaka, nimewafuta kamasi, nimewagombania kila mahali. Nilitarajia jina la heshima. Wakaniita Ndita, vidole viwili katikati ya nyusi, vinabana.

Na msaidizi wangu ni Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi ndogo shavuni mwake. Huyu ndiye hadithi yenyewe.

Kidoti ni kiziwi tangu utotoni. Alisoma shule yetu hiihii, zamani kabla halijakuwapo darasa la viziwi, akarudi akiwa msichana mkubwa na kuniambia anataka kunisaidia. Sikuwa na cha kumlipa. Akasaidia hivyohivyo. Mimi lugha ya alama niliisoma chuoni, na naiongea kama mtu aliyejifunza kuogelea kwenye beseni. Kidoti anaishi ndani yake. Mtoto anakuja kwetu hana neno hata moja, hajui kama yeye ana jina, hajui kama ugali na ukuta ni vitu vyenye majina, na Kidoti anakaa naye sakafuni, na baada ya muda yule mtoto anaanza kuuliza maswali mpaka unatamani aache. Nimeona jambo hilo mara nyingi na bado hunitoa machozi.

Wakati huo tulikuwa tunasomea stoo. Majembe kwenye kona, mifuko ya chokaa, madawati yaliyovunjika miguu, na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa choo. Kwa mtoto anayesikia, giza ni usumbufu tu. Kwa mtoto anayesikiliza kwa macho, giza ni kelele tupu. Siku za mawingu tulitoka nje tukafundishia chini ya paa la jiko, kuku wakipita katikati ya sarufi.

Basi serikali ikatangaza fungu la majengo ya shule, na ndani yake ikatengwa sehemu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Suruali, nisimnyime haki yake, alikwenda ofisi za elimu mpaka walinzi wakamzoea kama ndugu. Tukapata. Nakumbuka lori la kwanza la mchanga lilivyoingia getini, watoto wangu wakalipanda kabla halijasimama vizuri, na mimi badala ya kuwakemea nikapiga vigelegele.

Lakini fungu lile lilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni jengo. Mguu wa pili ni msaada, yaani ajira ya msaidizi wa darasa, na huo ungetolewa baada ya afisa wa elimu maalumu kuja kulikagua jengo na kuona kama shule inajua inachokifanya. Nafasi zilikuwa chache, shule nyingi. Na Kidoti asingeweza kuendelea kula upepo. Kaka yake alikuwa ameshamtafutia kazi kwenye karakana ya kushona sare, mji mwingine, mbali. Alimpa muda mpaka ukaguzi upite. Ajira ikipatikana, abaki. Isipopatikana, apande basi.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini ile kengele ilinitoa roho.

Na haikuwa kengele peke yake. Midomo alikuwa ameshanifanyia yake. Darasa lilipofika usawa wa paa, nikamkuta amesimamisha nguzo ya chuma katikati kabisa ya chumba.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza. "Kwenye mchoro haimo."

"Zawadi, mwalimu," akasema, akakatiza mluzi. "Nimeiweka kwa chuma changu mwenyewe. Jengo la watoto kama hawa halitaanguka mkononi mwangu."

"Midomo," nikamwita jina lake la alama bila kukusudia, "watoto hawa wanakaa nusu duara ili waonane mikono. Nguzo inawaziba. Umewawekea ukuta katikati ya maongezi."

Akaitazama nguzo yake, akanitazama mimi, uso ukamshuka. Nikamwonea huruma kidogo. Ikabaki, maana boriti ya paa ilikuwa tayari imeikalia.

Sasa jumlisheni. Nguzo katikati ya darasa la watu wanaotumia macho, kengele juu ya darasa la watu wasiotumia masikio, na afisa njiani. Watu wote walitupenda, na kila aliyetupenda alituletea kitu kisichotufaa. Nilimwambia Kidoti hivyo, kwa mikono, kwa hasira. Akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Nguzo inakuudhi sana?" Nikamwambia sana. Akacheka.

Kuna jambo jingine niliona siku zile na sikulitilia maanani. Watoto walikuwa wameipenda ile nguzo kupita kiasi. Nikitoka kidogo nikirudi, nawakuta wameikumbatia, viganja na mashavu yamebandikwa kwenye chuma, Kidoti kasimama pembeni na nyundo ya Midomo mkononi. Nikiingia wanatawanyika. Nikadhani ni mchezo. Nikawafukuza wakae, wakakaa, wakiangaliana kwa jicho la pembe.

Siku ya ukaguzi nilifika mapema na shuka langu la kitandani, lile la maua makubwa. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikaifunika kengele, nikaifunga kwa kamba, nikachomeka maua ya karatasi pembeni ili ionekane ni pambo. Suruali aliniona. Akafungua mdomo, akaufunga, akapandisha suruali, akaondoka. Kidoti aliponiona pale juu nahangaika na shuka, alikaa chini kwenye ngazi za darasa, akashika mbavu.

Afisa akaja. Mama mfupi, miwani ya kamba, viatu vya kutembelea. Alipopewa soda akasema, "Baadaye, asanteni," kwa namna ambayo sote tulijua hakuna baadaye. Alipima madirisha kwa macho, akajaribu mlango, akapita kwenye njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, akapiga sakafu kwa kisigino. Mpaka hapo mambo yakawa mazuri. Akaingia darasani, watoto wakamsalimia kwa mikono yote, akawaitikia kwa mkono mmoja, akasimama mbele ya nguzo.

"Hii ni ya nini?"

"Ya usalama, mama," Suruali akajibu.

"Inaziba."

"Inaziba, mama," nikaunga mkono haraka, nionekane ninajua.

Akatoka barazani. Macho yake yakapanda juu. "Na lile shuka?"

"Pambo," nikasema.

Upepo ungekuwa na haya kidogo usingevuma wakati ule. Lakini sitausingizia upepo, ni fundo langu. Nafunga mafundo ovyo tangu utoto. Kamba ikalegea, shuka likateleza upande mmoja, likaning'inia, kisha likamwangukia Suruali kichwani na maua yake yote ya karatasi. Juu yetu ikabaki rimu ya lori, nyeusi, kubwa, wazi kama mchana.

Midomo, aliyekuwa amejibanza kwenye kona ya jengo, aliacha kupiga mluzi.

"Nani," afisa akasema taratibu, "ameweka kengele kwenye darasa la viziwi?"

Suruali akajitoa kwenye shuka. Alikuwa na ua moja la karatasi kwenye sikio. "Ni mimi, mama," akasema.

Nilijua kazi ya Kidoti imekwisha. Nililiona basi kabisa, nikamwona na begi lake amekaa dirishani. Nilikuwa naufungua mdomo kumsihi afisa asituhukumu sote kwa kosa la mtu mmoja, Kidoti akaja akasimama katikati yetu. Akanigusa bega.

"Tafsiri," akaniambia kwa mikono. "Kila neno."

Kazi ya kutafsiri ina sheria yake, na mimi mwenyewe huwafundisha wengine. Anayetafsiri husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno. Hapunguzi, haongezi, hajitetei. Mdomo wako unakuwa wa mwenzako mpaka amalize.

"Mimi ndiye niliyeomba kengele," nikasema.

Afisa akanigeukia. "Wewe?"

"Si mimi, mama. Yeye." Na nilipoyasema hayo ndipo nilipoelewa kilichotoka kinywani mwangu. Nikamtazama Kidoti. Hakunipa nafasi, mikono yake ilikuwa inaendelea, na mimi nikaifuata.

"Nilisoma shule hii. Nilikuwa kiziwi peke yangu. Kila siku wenzangu walikuwa wanainuka ghafla, wote pamoja, wanakimbia nje, na mimi sijui kwa nini. Nilikuwa wa mwisho kwenye mapumziko, wa mwisho kwenye chakula, wa mwisho kwenda nyumbani. Siku moja walifunga mlango nikiwa bado ndani, nimeinamia kitabu. Nilifikiri kuna kitu kinawaambia wote isipokuwa mimi. Nilifikiri hakinitaki."

Kidoti akanisubiri nimalize, kisha akaendelea.

"Fundi alipokuwa anagonga nguzo, nilikuwa nimeiegemea. Nikaisikia mpaka kwenye meno. Nikamwendea mwalimu mkuu nikamwomba kengele ifungwe kwenye boriti inayokalia nguzo hiyo, na nikamwomba asimwambie Ndita."

Afisa akainua mkono.

"Ndita ni nani?" afisa akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Haya. Endelea."

Kidoti alikuwa ananitazama mimi sasa, si afisa, na alama zake zilikuwa ndogondogo, za karibu. Nikazisema kwa sauti maana sheria ni sheria.

"Asimwambie Ndita, kwa sababu Ndita anatupenda kuliko mtu yeyote, na angekataa. Ndita anajua kila kitu kuhusu viziwi. Basi hana haja ya kutuuliza."

Mpishi aliniambia baadaye kwamba rangi ya uso wangu iligeuka ikawa kama ya nyanya. Inawezekana. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia msichana yule mpaka avunjike mbavu.

Afisa aliurudia mlango, akaingia, akaweka mkoba wake sakafuni. "Wapi?" akauliza. Kidoti hakuhitaji tafsiri. Akamshika mikono, akambandika viganja vyote kwenye chuma. Watoto wakajaa kuizunguka nguzo, viganja, mashavu, mmoja akaweka kidevu. Binti mdogo kuliko wote, tunayemwita Mapengo, akapanda juu ya dawati nyuma ya afisa, akamziba masikio kwa mikono yake miwili iliyojaa chaki. Nikataka kumshusha. Afisa akatikisa kichwa, niache.

Kidoti akainua mkono mlangoni. Suruali, ua bado sikioni, akaipiga kengele.

Mimi niliisikia kwa masikio, kelele ya chuma kama kawaida. Lakini niliona nyuso zao. Nyuso zote zilifunguka kwa mara moja, za watoto na ya yule mama, macho yakawa makubwa, kisha Mapengo akacheka kicheko chake kile cha kukoroma, na watoto wakatoka mbio mlangoni kama maji yaliyofunguliwa. Kabla madarasa mengine hayajafunga vitabu, wangu walikuwa tayari katikati ya uwanja, wa kwanza shule nzima, wakirukaruka.

Afisa alibaki ameshika nguzo. Chaki kwenye masikio, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Tena," akasema.

Suruali akapiga tena.

"Tena!"

Hapo shule ikachanganyikiwa. Darasa la kwanza walikuwa wametoka, wakarudi, wakatoka. Walimu wakachungulia madirishani na chaki mikononi. Mpishi alitoka jikoni na ndoo ya maji akiuliza moto uko wapi. Midomo alikuja mbio, akaikumbatia nguzo yake kama mtoto aliyepotea akapatikana, akaanza kupiga mluzi palepale juu ya chuma, na watoto wawili waliokuwa wamerudi wakaweka mikono karibu na midomo yake wakauhisi upepo wake, wakaelewa kwa mara ya kwanza ile midomo huwa inafanya kazi gani. Nilicheka mpaka nikakaa.

Afisa alipotulia aliisafisha miwani kwa ncha ya blauzi yake. "Nguzo inaziba," akasema. "Yapangeni madawati yaizunguke, kila mmoja aifikie kwa mkono." Kisha akanigeukia. "Nafasi ninayo moja. Nilikuja kuona kama kuna wa kupewa. Mwambie aanze mwezi ujao."

Niligeuka nimwambie Kidoti, na mikono yangu ikapata kigugumizi. Nilianza neno nikaliacha, nikaanza jingine. Akanitazama ameinamisha kichwa. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia tena." Alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza, mjinga yule, alitaka tu kuliona tena. Nilirudia mpaka nikachoka, halafu nikamkumbatia.

Soda ilinyweka siku ile. Na kabla afisa hajapanda gari, Mapengo alimsimamisha akampa jina, viganja viwili vimebandikwa hewani, vinagonga mara mbili. Tena. Ndivyo anavyoitwa kwetu mpaka leo.

Suruali nilimfuata ofisini. "Ungeniambia," nikamwambia.

"Ungeniacha?"

Nilimtoa lile ua sikioni, nikamwekea mezani.

Shuleni kwetu mwalimu mpya ndiye anayepiga kengele ya asubuhi siku yake ya kwanza ya kazi. Ni desturi ya Suruali, na zamani niliiona ya kijinga. Mwezi ulipoanza Kidoti alikuja na viatu vipya, akachukua nyundo, akasimama barazani chini ya rimu yake. Kaka yake alikuwa amekuja kutazama, amesimama getini na shati lililopigwa pasi. Mimi niliingia ndani na watoto. Nikaweka vidole kwenye nguzo.

Mapengo akanipiga kofi mkononi. "Viganja," akaniambia kwa alama. "Si vidole. Hujui kitu."

Nikaweka viganja. Akapanda dawati, akaniziba masikio, na mikono yake ilikuwa ya moto na ilinuka chungwa. Dunia ikanyamaza. Kidoti akapiga.

Ilinipanda kutoka viganjani ikaja mpaka mabegani, ikashuka kifuani, ikakaa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwafundisha, na sikuwahi kuwauliza jambo hilo dogo, kwamba wao huisikiaje dunia. Nilikaa pale na mikono yangu kwenye chuma, na sikutaka iishe.

Kidoti akachungulia mlangoni, nyundo mkononi, meno yote nje.

"Umesikia?" akaniuliza kwa alama.

"Nimesikia," nikamjibu.